Tume ya Maneno yenye Mikia

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba mimi sina ubaya na mtu. Naitwa Mbaraka Sefu, karani mwandika kumbukumbu, miaka thelathini na mmoja kazini bila kuandikiwa barua ya kujieleza hata moja. Haya ninayoyasimulia niliyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti changu halali. Nchi siitaji jina. Si kwamba naogopa, la hasha, ila ukishataja jina watu huanza kuuliza umelijulia wapi.

Basi, Mtukufu Rais wetu alikwenda ng'ambo kwenye mkutano. Akasoma hotuba ya kurasa hamsini na mbili kwa Kiingereza, kile Kiingereza chetu cha shule, kilichopigwa pasi mpaka kinasimama chenyewe. Watu wakampigia makofi ya adabu. Akiwa anarudi chumbani kwake, kwenye korido ya hoteli, akamkuta mama mfanya usafi anazungumza na mgeni mmoja. Tena wanacheka! Kila neno la yule mama lilikuwa fupi, na nyuma yake linafuatwa na kineno kidogo: givu-apu, kari-oni, hengi-auti. Mtukufu akasimama akasikiliza, asiambulie kitu. Mfagizi anaongea kama anavyopumua, na yeye, Amiri Jeshi Mkuu, anaongea kama barua ya kuomba kazi.

Alirudi nyumbani hasemi na mtu. Siku ya tatu akaita Baraza la Mawaziri na kuuliza swali moja tu: "Miaka sitini mmetufundisha Kiingereza cha namna gani, na nani aliwatuma?"

Hakuna aliyejibu, na kule kutojibu kukaandikwa. Walimu wastaafu wa Kiingereza wakakusanywa kutoka mikoani, wazee wa watu, wengine na mikongojo yao, wakaulizwa kwa nini walitujaza maneno marefu wakati wenye lugha wanatumia mafupi yenye mikia. Mzee mmoja akasema yeye alifundisha kilichokuwamo kitabuni. Akaulizwa kitabu hicho alipewa na nani, na siku hiyo alikuwa amevaa shati la rangi gani.

Wataalamu wakaitwa kufafanua. Wakaeleza kwamba unachukua kitenzi cha kawaida kabisa cha Kiingereza, kama kuchukua au kutoa, unakibandika kimkia nyuma, na maana inahama nyumba bila kuaga. Waziri wa Usalama akakunja uso. "Maana inayohama bila kuaga," akasema, "lazima ina mahali inakokwenda."

Amri ikatoka Ijumaa. Kila mtumishi wa umma, ndani ya miezi sita, awe anaongea Kiingereza chenye mikia, kwa namna ya kawaida, bila kujikaza, chini ya kiapo. Asiyeweza aondolewe kazini. Ili kuhakikisha watu wanakuwa wa kawaida kweli, na si wa kawaida wa kujifanya, ikaundwa Tume ya Kuongea Kawaida. Mimi nikateuliwa karani wake.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Kanali Mstaafu Gwandumi, aliyeongoza bendi ya jeshi kwa miaka ishirini na aliamini kwamba kila kitu duniani kinaweza kwenda kwa hesabu ya moja-mbili. Mjumbe wa kwanza alikuwa Bi. Sikudhani Kachenje wa Idara ya Kusikiliza, mama mnene, mpole, ambaye hufuma vitambaa vya makochi huku masikio yake yakifanya kazi ya serikali. Mjumbe wa pili, Profesa Ndimbwa, aliishi ng'ambo miaka kumi na moja. Ndiye peke yake kati yetu aliyekijua Kiingereza chenyewe, na kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kuzungumza kikaoni.

Mtaalamu mmoja kutoka nje alituachia orodha ya maneno arobaini yenye mikia, ndani ya bahasha ya kaki iliyopigwa lakiri nyekundu na kuandikwa SIRI KUU. Ilikuwa siri kwa sababu nzuri. Ikitangazwa, watu wataikariri, na mtu aliyekariri haongei kawaida. Hapo hakuna ubishi.

Tatizo likaja siku ya kuifungua. Kanali aliuliza, "Nani ataifungua?" Tukatazamana. Maana atakayeifungua atakuwa ameyajua yale maneno, na siku yakivuja, wa kwanza kushikwa ni yeye. Kanali akamsogezea Profesa. Profesa akatikisa kichwa mpaka miwani ikamdondoka. Bi. Sikudhani akasema macho yake yanamsumbua tangu asubuhi. Mimi nikakumbuka kuna jalada nimelisahau masjala. Baada ya saa mbili likapita azimio, nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Bahasha itatumika ikiwa imefungwa."

Na ndivyo ilivyotumika. Mtahiniwa akisema neno lenye mkia, Kanali aliweka kiganja juu ya bahasha, akafumba macho kidogo, kisha akatamka: "Limo." Au: "Halimo." Nami naandika.

Masharti yalikuwa wazi. Ukisema neno ambalo limo, maana yake umeiona orodha, wewe ni mwizi wa siri za nchi, unazuiwa. Ukisema neno ambalo halimo, umetumia mkia usio rasmi, umefeli, unafukuzwa kazi. Usiposema neno lenye mkia kabisa, umefeli vilevile. Niliyapitia masharti hayo mara nyingi nikitafuta mahali mtu anapopitia kufaulu. Sikupaona, nikajua ni uelewa wangu mdogo.

Palitakiwa pia mgeni wa kuongea naye. Ombi la kupata Mzungu halisi lilikataliwa, kwani nani angemchunguza? Kikaletwa kiti, kikavalishwa tai na kofia, kikapewa jina Mgeni. Mtahiniwa alisimama mbele ya Mgeni kwa ukakamavu, mikono ubavuni, akaongea naye kwa raha zake dakika kumi.

Wa kwanza alikuwa mpima ardhi, Bwana Chilongola. Maskini, alitoka jasho mpaka kwenye soksi. Akaiambia ile kofia kamu-ini, kisha siti-dauni. Kanali akaweka kiganja. "Limo. Limo." Wakamchukua akiwa bado ameshika futi yake ya kupimia. Aliyefuata alikuwa mtunza maktaba, akalia dakika zote kumi, na kilio hakina mkia. Mpaka mwisho wa mwezi wa pili tulikuwa tumetahini watu mia mbili na kumi na wawili. Hakufaulu hata mmoja, na Kanali alisema hiyo inaonyesha jinsi tatizo lilivyokuwa limeota mizizi.

Mjini nako hali ilibadilika. Kwenye kantini ya wizara, mtu mmoja alimwambia mwenzake aliyeacha kula, "Kari-oni, bwana." Watatu waliinuka kwenda kuandika ripoti, wakakutana mlangoni, kila mmoja akamwandika na mwenzake kwa kuwahi kutoka.

Kisha Mtukufu mwenyewe akahutubia taifa redioni kwa Kiingereza kipya. Tume ilikaa kuizunguka redio. Dakika ya kwanza tu Mtukufu akasema luku-foowadi-tu, neno lenye mikia miwili! Mkono wa Kanali, kwa mazoea, ukaenda wenyewe kwenye bahasha. Sote tukautazama ule mkono. Likiwa limo, Mtukufu kaiba siri. Likiwa halimo, Mtukufu kafeli. Kanali akaurudisha mkono polepole, akajikuna nao shingo, akasema betri za redio zimekwisha. Redio ilikuwa ya umeme. Nikaandika betri.

*

Sasa nafika kwa Nesi Tausi Mkumbwa, na hapa natakiwa nitangaze maslahi yangu. Alitoka Kituo cha Afya Mtambani. Mtambani ndiko anakoishi Mwanahawa, mwanangu wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa tisa. Mama yake alinifia siku ya kumzaa yeye. Kwa hiyo mtu akitaja uzazi mbele yangu, mimi huinuka na kutoka nje, sifichi. Fomu za kutangaza maslahi zilikuwa zimekwisha masjala, basi sikutangaza.

Wakunga wa Mtambani walikuwa wawili. Mmoja alifeli mwezi uliotangulia, akaenda kulima ufuta. Alibaki Nesi Tausi.

Aliingia Jumanne saa nne, na sare yake nyeupe na viatu vya raba. "Shikamooni."

"Marahaba," alisema Kanali. "Jina, kazi, na Kiingereza ulijifunzia wapi."

"Tausi Mkumbwa, muuguzi mkunga. Nilikaa kambi ya wakimbizi miaka minane, nikifanya kazi na madaktari wa nje. Naomba tufanye haraka, mheshimiwa. Nina wajawazito kumi na mmoja, na wawili siku zao zimefika."

Bi. Sikudhani akaacha kufuma. "Haraka ya nini, mwenzetu? Watu wasio na neno hapa huwa wana nafasi."

Nesi akaonyeshwa Mgeni. Akaitazama tai, akaitazama kofia. Wenzake wote walikuwa wakitetemeka mbele ya kiti kile. Yeye akavuta kigoda, akaketi ubavuni mwake, akashika mkono wa kiti kama anayetafuta mapigo ya moyo. Akaanza kuongea.

Mimi Kiingereza changu ni cha kusomea barua, lakini mazungumzo nayajua nikiyasikia. Alikiambia kile kiti kwamba kilizimia, kilipasi-auti, sasa kimezinduka, kimekamu-raundi, kisiogope, watakitunza, watakiluku-afta. Akakiuliza kinavuta sigara ngapi. Akakigombeza, kipunguze, kikuti-dauni. Akakicheka kidogo, akakipigapiga begani. Haki ya Mungu, nilikitazama kiti nikakihurumia, nikaona kweli kimekonda. Profesa Ndimbwa, ambaye haruhusiwi kusema, alivua miwani akawa anafuta machozi kwa ncha ya tai yake.

Alipomaliza nikahesabu: maneno kumi na manne yenye mikia. Kanali akaweka kiganja kwenye bahasha. Alikaa nacho pale muda mrefu kuliko siku zote.

"Tisa yamo," akasema. "Matano hayamo."

Nikasimamisha kalamu. Tisa yamo, maana yake kaiona orodha yetu. Haya, na yale matano?

Bi. Sikudhani ndiye aliyesema, polepole: "Basi ana orodha nyingine."

Loo! Orodha nyingine! Imeandikwa na nani? Imetolewa nakala ngapi? Wako wangapi wanaoongea kwa raha namna hii huko vijijini, nasi hatuna habari?

"Jamani," alisema Nesi, "hiyo bahasha haijafunguliwa. Lakiri hiyo hapo, nzima. Nani ameisoma?"

"Karani, andika," alisema Kanali. "Mtuhumiwa ameulizia ulinzi wa bahasha."

Nikaandika. Ikaamuliwa apelekwe ile hosteli ya zamani nyuma ya wizara, akaisaidie Tume. Kwetu mtu anayeisaidia Tume huwekewa askari mlangoni ili asije akakatizwa wakati anasaidia.

Alipopitishwa mbele ya meza yangu akaliona jina langu kwenye kibao. Akasimama.

"Mzee, shikamoo. Nina binti kule kliniki, Mwanahawa Mbaraka Sefu. Ni wako?"

Sindano za Bi. Sikudhani zilikuwa zimesimama.

"Mtoto ametanguliza matako," alisema Nesi kwa sauti ya chini. "Mimi napajua pa kumshika. Lakini si nikiwa huku. Ni wako, mzee?"

"Majina hufanana, Nesi," nikasema.

Akanitazama. Hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Alinitazama vile wauguzi wanavyomtazama mtu ambaye ugonjwa wake wameshaujua, kisha akatoka na askari wake.

*

Kesho yake mchana Mwanahawa akapiga simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nesi Tausi hajarudi. Kituo kina kufuli. Wanasema yuko kwenu."

"Wanasema akina nani?"

"Watu, Baba."

"Watu gani? Majina yao?"

Nikasikia pumzi zake, nzito. "Baba, mimi tumbo linanikaza tangu alfajiri, wewe unaniuliza majina?"

"Taratibu zinaendelea, mama. Vuta subira."

"Haya," akasema, "nitamwambia mtoto asubiri taratibu." Akakata.

Nilibaki na simu sikioni. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kama siku ile alipozaliwa yeye, nilipokaa kwenye benchi la nje na mtu akatoka kuniambia mwenzangu hayupo tena. Na bado, muone binadamu alivyo, kichwa changu kilikuwa kinajiuliza: nani alikuwa amesimama karibu yake? Nani amemfundisha kujibu vile? Ndiyo kazi iliyonilea, siwezi kuivua kama koti.

Nikaenda masjala nikafungua jalada la Nesi. Kwa masharti yetu mtuhumiwa hatoki, bali aliyefeli anatoka saa ileile. Kati ya kutoka na kutotoka palikuwa na karatasi moja, tena iliyoandikwa na mimi. Nikaichomoa. Nikaweka mpya, kwa mwandiko wangu uleule mzuri: "Maneno yenye mikia: hakuna. Mtahiniwa hajui Kiingereza. Amefeli. Afukuzwe kazi mara moja, na asiguse mgonjwa popote nchini."

Yule aliyeongea vizuri kuliko wote niliowahi kuwasikia, nimemwandika hajui. Na kazi yake ya miaka ishirini na mbili nimeifuta kwa mstari mmoja. Sikuwa na mlango mwingine wa kumtolea.

Nikaitia karatasi ile katikati ya nyingine arobaini nikampelekea Kanali. Kanali hasomi anachosaini, kwa kuwa mtu aliyesoma kitu anaweza kuulizwa. Alisaini zote kwa mapigo ya moja-mbili. Saa nane Nesi Tausi akatolewa getini, sare wamemvua, kapewa khanga kuukuu na barua ya kufukuzwa. Nilimwona kupitia dirishani. Aliisoma ile barua, akatazama juu kwenye madirisha yetu, akaikunja ndogo ndogo, akasimamisha lori la kokoto lililokuwa linaelekea Mtambani.

Asubuhi iliyofuata Bi. Sikudhani akasogeza kiti karibu na changu. "Karani, yule nesi. Kumbukumbu zinasema hakusema neno hata moja lenye mkia. Mimi nilisikia."

Miaka thelathini na mmoja kazini si bure. "Ulisikia, Bi. mkubwa? Ulisikia maneno ya siri, ukayatambua kuwa ndiyo yenyewe?"

Akaokota sindano zake. "Nilisikia kelele za barabarani," akasema.

Simu ikalia hapohapo, naye hajaondoka.

"Baba, shikamoo. Nimejifungua. Wa kike."

Nilikaa chini. Machozi yalinitoka, sikuyajali. "Wewe mzima?"

"Mzima."

"Alhamdulillahi. Na vile mtoto alivyokuwa ametanguliza..."

"Nani kakwambia ametanguliza nini?" Mwanahawa aliuliza.

"Nilisikia tu, mwanangu."

"Kwa nani, Baba?"

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Mlaze kifuani, mama. Polepole. Muache atafute mwenyewe." Sauti ile niliijua. Niliisikia Jumanne ikikibembeleza kiti. Nilitaka kumwambia Mwanahawa: mpe simu huyo. Mwambie ni wangu, majina hayafanani, ni mwanangu. Mwambie ile karatasi niliiandika mimi, anisamehe ya kazi yake. Lakini pembeni yangu sindano zilikuwa zimesimama, na uzi umening'inia.

Kwa hiyo niliuliza lile moja tu nililoweza kuuliza, ili atajwe, ili nipate pa kusema asante. Niliuliza kwa upendo, naapa. Ila swali lile limetoka kinywani mwangu miaka thelathini na mmoja kwa sauti moja, na sauti nyingine sina.

"Nani amekuzalisha?"

Ile sauti ya nyuma ikakatika, nikasikia mlango wa huko ukifungwa taratibu.

"Hakuna mtu, Baba," alisema mwanangu. "Nilikuwa peke yangu. Andika hivyo."